Mafua Yakishuka Kifuani: Hesabu Pumzi, Usihesabu Siku



Nani kati yetu hajawahi kuugua mafua? Hakuna. Pua inatiririka, koo linawasha, kichwa kinauma kidogo. Tunakunywa chai ya moto, tunajifunika, na baada ya siku chache tunarudi shambani. Ndiyo maana mtu akisema, "Leo siji, nina mafua," wenzake humcheka.

Lakini mafua hayo hayo, katika nyumba hiyo hiyo, yanaweza kumuua mtoto mchanga au kumlaza babu hospitalini. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni mtu aliyeupata. Katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini iko hivyo. Tutajifunza pia jambo moja ambalo kila aliyejua kuhesabu anaweza kulifanya nyumbani kwake, nalo ni kuhesabu pumzi za mgonjwa.

MAFUA YANATOKA WAPI?

Wengi tunasema mafua yanaletwa na baridi, au vumbi, au kunyeshewa mvua. Sivyo. Mafua yanaletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi. Havionekani kwa macho. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, vinatoka pamoja na matone ya mate na makamasi. Wewe unavivuta puani, au unashika mkono wa mgonjwa, kisha unajigusa pua na macho. Basi, vimeingia.

Virusi vya namna hii viko vya aina nyingi. Viko vya mafua ya kawaida. Viko vya mafua makali, yale yanayoleta homa na kuuma mwili mzima. Viko vya surua. Viko vya UVIKO-19, ugonjwa ulioingia nchini mwetu Machi 2020. Na iko aina moja ambayo wazazi wengi hawajaisikia, ingawa karibu kila mtoto huipata kabla hajatimiza miaka miwili. Wataalamu huiita kwa herufi tatu: RSV. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, RSV ni mafua tu. Kwa mtoto mchanga, mara nyingine ni kifo. Mwaka 2019, kirusi hiki peke yake kilihusika na vifo vya watoto wapatao 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Karibu wote walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama zetu. Na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi sita.

HEWA INAVYOPITA

Ili tuelewe, tutazame kifua kilivyo ndani.

Mapafu ni kama mti uliogeuzwa, shina juu na matawi chini. Shina ni koo la hewa. Shina linagawanyika kuwa matawi, na matawi yanagawanyika kuwa vitawi vyembamba zaidi na zaidi. Mwisho wa vitawi kuna vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Humo ndimo damu inapochukua oksijeni, yaani ile hewa safi inayotupa uhai.

Mafua yakibaki puani na kooni, hakuna shida kubwa. Shida inaanza yakishuka mpaka kwenye vitawi na vifuko. Kuta za vitawi huvimba. Ute hutoka na kuziba njia. Vifuko hujaa majimaji badala ya hewa. Hapo ndipo tunaposema mtu ana homa ya mapafu, au nimonia. Wazee wetu wanaiita kichomi.

Hebu fanya jaribio hili. Chukua bua la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani. Chukua na mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha. Paka uji mzito ndani ya bua, kisha tia uji kidogo ndani ya mrija. Sasa puliza kila kimoja. Bua bado linapitisha hewa. Mrija umeziba. Ute ni kidogo, lakini njia nayo ilikuwa nyembamba tangu mwanzo.

Bua ni njia ya hewa ya mtu mzima. Mrija ni njia ya hewa ya mtoto mchanga. Ndiyo sababu baba na mtoto wanaweza kupata virusi vile vile siku moja, baba akapiga chafya tu na mtoto akapigania pumzi.

WATU GANI WAKO HATARINI?

Si watoto wachanga peke yao. Tuwataje wote, kwa sababu katika kila kijiji wapo.

1. Watoto wa chini ya miaka mitano, hasa wa chini ya miezi sita. Zaidi ya hao ni watoto njiti, maana mapafu yao hayajakomaa.

2. Watoto wenye utapiamlo. Mwili wao hauna nguvu ya kupigana. Tena, mtoto aliyekonda sana anaweza kuwa na nimonia bila homa kali, mzazi akadhani ni salama.

3. Watoto waliozaliwa na ugonjwa wa moyo, na watu wenye selimundu. Mwenye selimundu akipata homa pamoja na maumivu ya kifua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hasa wasiotumia dawa au walioziacha. Anayetumia dawa zake kila siku ana kinga iliyo bora zaidi.

5. Mama wajawazito. Mimba ikiwa kubwa inasukuma mapafu juu, na mama anapumua kwa ajili ya watu wawili. Mafua makali yanaweza kumzidi haraka.

6. Wazee, na watu wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, au makovu ya kifua kikuu cha zamani. Mzee naye anaweza asipate homa. Utamwona tu amelegea, hataki chakula, au anasema maneno yasiyoeleweka. Usiseme, "Ni uzee tu." Mtazame anavyopumua.

MWIZI WA PILI

Liko jambo jingine. Virusi vinaweza kufungulia mlango magonjwa mengine.

Ndani ya njia za hewa tuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu kwenda juu, nasi tunautema au kuumeza. Virusi vikiingia vinaharibu fagio hilo. Ni kama mwizi aliyevunja mlango wa ghala akaondoka, usiku wa pili akaingia mwizi mwingine bila taabu. Mwizi huyo wa pili ni bakteria. Wengi wa hao bakteria wanakaa puani na kooni mwetu siku zote bila kutudhuru. Wakikuta mlango wazi, wanashuka mapafuni.

Mwaka 1918, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuwa vinakwisha, mafua makali yalienea dunia nzima, na Afrika Mashariki haikupona. Mamilioni ya watu walikufa duniani. Miaka mingi baadaye, wataalamu walichunguza vipande vya mapafu ya baadhi ya waliokufa, vilivyokuwa vimehifadhiwa. Waliona kwamba wengi wa watu wale waliuawa na bakteria waliofuata nyuma ya mafua.

Kwa hiyo uwe macho na mgonjwa aliyeanza kupata nafuu, kisha akapandwa na homa upya, kikohozi kikazidi na kifua kikamchoma. Huyo huenda mwizi wa pili ameingia.

NANI HULETA MAFUA NYUMBANI?

Mtoto wa miezi mitatu haendi sokoni wala kilabuni. Ameyapata wapi mafua?

Kuanzia mwisho wa mwaka 2009 mpaka katikati ya 2010, watafiti walifuatilia kaya 47 za vijijini huko Kilifi, pwani ya Kenya. Watu wake walikuwa karibu 500. Mara mbili kwa wiki walichukua ute wa pua za watu wa nyumba, awe mgonjwa au mzima. Waliona kuwa watoto wachanga wengi walipata RSV kutoka kwa watu wa nyumbani mwao. Na mleta ugonjwa mara nyingi alikuwa kaka au dada mkubwa, hasa yule anayekwenda shule.

Maana yake nini kwetu? Si kwamba mtoto wa shule ana kosa. Maana yake ni kwamba akirudi kutoka shule anapiga chafya, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake, na asimbusu usoni mpaka apone. Hata sisi wakubwa tufanye hivyo. Desturi yetu ya kupokezana mtoto mgeni ni nzuri. Lakini shangazi mwenye mafua akifika, amsalimie mtoto kwa mbali. Hatakosa heshima yake.

JINSI YA KUHESABU PUMZI

Sasa tumefika penye jambo lenyewe. Mtu ambaye mapafu yake yamejaa hawezi kupata hewa ya kutosha kwa pumzi moja, kwa hiyo anavuta pumzi nyingi. Kikohozi kinaweza kutudanganya. Mtoto anayekohoa kwa kelele anaweza kuwa na mafua tu, na anayekohoa kidogo akawa na nimonia. Pumzi inatuonyesha zaidi.

Fanya hivi:

Kwanza, subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Akiwa amelala ni vizuri.

Pili, mfunue nguo uone kifua na tumbo.

Tatu, shika saa, au simu yenye saa inayoonyesha sekunde. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana mtoto mdogo hapumui sawasawa.

Nne, linganisha na hesabu hizi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Hesabu tena. Zikifika 60 tena, ni hatari.

Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja: pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Mtu mzima aliyepumzika: pumzi 30 au zaidi ni hatari.

Andika hesabu hizi kwenye karatasi, uibandike ukutani. Tulijifunza kusoma na kuhesabu ili tusipunjwe kwenye mizani ya pamba. Leo hesabu hiyo hiyo inaweza kumwokoa mtoto.

DALILI ZA KUTOKUNGOJA KUCHE

Zipo dalili ambazo ukiziona hata huna haja ya kuhesabu. Ondoka mara moja, hata kama ni usiku:

– Sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi.
– Hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu.
– Ana degedege, amezimia, au analala tu bila kuamka vizuri.
– Midomo au ulimi umegeuka rangi, kama wa buluu au kijivu.
– Anaguna kila anapotoa pumzi, au pua zinatanuka.
– Ni mtoto mchanga na pumzi inakatika kwa muda, kisha inarudi.

MANENO YANAYOTUCHELEWESHA

Tuchukue mfano. Katika nyumba moja kuna mtoto wa mwezi mmoja na nusu. Kaka yake wa darasa la pili amekuwa na mafua tangu juzi. Mama wa mtoto anazungumza na mama mkwe wake:

– Mama, mtoto hanyonyi vizuri tangu alfajiri.

– Mafua tu hayo, mwanangu. Hata mumeo aliugua hivyo hivyo. Mpake mafuta kifuani, tungoje siku mbili.

– Nimehesabu pumzi zake, mama. Mara ya kwanza 68, mara ya pili 66. Na kifua kinabonyea.

– Umehesabu? Hebu mfunue na mimi nione... Ee Mungu wangu. Niletee kanga. Twende wote.

Bibi huyu hakuwa mjinga. Ameona watoto wengi wakipona mafua, na kweli wengi hupona. Alichokosa ni kipimo. Alipopewa kipimo, hakubisha.

Yako na mambo mengine yanayochelewesha, na mengine yanaumiza kabisa.

Kukata kimeo. Wapo wanaodhani kikohozi kisichopona kinaletwa na kimeo kirefu, wakampeleka mtoto kukatwa. Kimeo hakileti nimonia. Kukikata kunaleta damu nyingi, pepopunda na vidonda. Mtoto aliyekuwa na taabu moja sasa anazo mbili.

Kutia mafuta au mafuta ya taa puani na mdomoni. Yanaweza kuingia mapafuni na kuyaunguza.

Kununua vidonge vya rangi dukani. Dawa za kuua bakteria, kama amoksilini, haziui virusi. Mwenye mafua ya kawaida hazimsaidii kitu. Tena zikitumiwa ovyo, bakteria wanazizoea. Siku mwizi wa pili akiingia kweli, dawa inashindwa.

Kumpa mtoto aspirini. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini, inaweza kumdhuru ubongo na ini. Dawa ya homa ni parasetamo, kwa kipimo alichoandikiwa.

Mtoto anayepumua vizuri na kunyonya vizuri, mtunze nyumbani. Mnyonyeshe mara nyingi. Pua ikiziba, sokota kitambaa laini kama utambi, lowesha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, umsafishe. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kupewa chai ya vuguvugu yenye asali. Wa chini ya mwaka asipewe asali. Na mhesabu pumzi asubuhi na jioni.

UKIFIKA ZAHANATI

Mweleze mhudumu mambo matatu: ugonjwa ulianza lini, ananyonya au kula namna gani, na pumzi ulihesabu ngapi. Chukua kadi ya kliniki.

Yeye naye atahesabu. Atatazama kifua na kusikiliza mapafu. Penye kifaa, atabana kidole au mguu wa mgonjwa kwa kipimo kidogo chenye taa, kinachoonyesha oksijeni iliyomo katika damu. Ikiwa chini ya 90 kwa mia, mgonjwa anahitaji kupewa oksijeni, na zahanati isiyo nayo itampeleka kituo cha afya au hospitali. Wengine wanaogopa mpira wa oksijeni, wanasema, "Ukiwekewa huo, hurudi." Sivyo. Wengine hufa kwa sababu wamefikishwa wakiwa wamechelewa. Oksijeni inashikilia uhai mpaka mapafu yapone.

Ukipewa dawa ya nimonia, maliza siku zote ulizoambiwa, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Njiani mfunike mtoto apate joto, lakini usimkaze kifua kwa kanga. Akishindwa kunyonya, kamua maziwa umpe kidogo kidogo kwa kikombe. Akipaliwa, acha, usimlazimishe.

KINGA

Chanjo. Virusi vya mafua ya kawaida havina chanjo, lakini wezi wa pili wanazo. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mtoto nchini mwetu huchanjwa dhidi ya bakteria wawili wakubwa wa nimonia. Chanjo ya mmoja ilianza kutolewa mwaka 2009, na ya mwingine kuanzia mwaka 2013. Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18. Usiiache ile ya pili, maana watoto wengi wanaokufa kwa surua huuawa na nimonia. Tena, tangu mwaka 2023 baadhi ya nchi zimeanza kuwachanja wajawazito dhidi ya RSV, ili mtoto azaliwe na kinga. Mama mjamzito amwulize muuguzi wa kliniki habari zake.

Maziwa ya mama. Miezi sita ya kwanza yawe maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji.

Moshi. Mtoto asikae jikoni mgongoni mwa mama huku kuni zinafuka. Moshi unachosha lile fagio la mapafu. Pikia penye hewa, au mwache mtoto na mtu mwingine nje. Na anayevuta sigara avutie mbali na nyumba.

Hewa na mikono. Fungua madirisha mchana. Kohoa kwenye kiwiko. Nawa kwa sabuni.

Nauli. Kila nyumba yenye mtoto mchanga, mzee au mjamzito itenge akiba kidogo ya safari ya ghafla, na ijue baiskeli au pikipiki ya nani itaombwa usiku.

Wazee wetu wengi wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tusiishie kusoma. Jioni ya leo mfunue mtoto aliye mzima, hesabu pumzi zake kwa dakika moja. Ukizoea pumzi ya mzima, utaitambua ya mgonjwa.

Ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mafua yanayomwacha baba akilima yanaweza kumlaza mtoto?
2. Mtoto wa miezi 8 anapumua mara 54 kwa dakika. Je, ni sawa? Mtafanya nini?
3. Katika kijiji chetu, ni nani walio hatarini zaidi, na nani atawatazama?
4. Mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, tutamfikishaje hospitali?